Shemeji Aliyekonyeza Bila Kukusudia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana studio ya picha, na watu wengi hawamjui kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Cheka Kidogo. Tangu afungue studio ile, kila aliyekaa kwenye kiti kile kisicho na mgongo, mbele ya pazia la bluu, aliambiwa maneno hayo mawili, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Yeye mwenyewe huwa hacheki ovyo.

Mimi hukaa mezani pale mbele. Napokea wateja, nasafisha picha kwenye kompyuta na kuzichapa. Kwa hiyo haya nitakayosimulia niliyaona karibu yote, na niliyokosa kuyaona nilisimuliwa na dada, ambaye hutia chumvi pale anapoona hapajakolea.

Shemeji aliamini kwamba uso ni wa mwenyewe, ukiuamrisha unatii. Mteja akishindwa kutabasamu, alimhesabu kuwa mkaidi. Niliwahi kumsikia akimwambia bwana harusi aliyekakamaa kwa woga kwamba uso ni wake, alikuja nao mwenyewe, basi auambie ucheke na utacheka. Bwana harusi wa watu akauambia. Kwenye picha zile hadi leo anaonekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Sasa, jioni moja shemeji alilalamika kwamba nyuma ya sikio la kushoto panamuuma. Akalaumu mto. Asubuhi yake, mezani, chai ikamchuruzika pembeni mwa mdomo mpaka kwenye shati. Dada akamuuliza kama amesahau mdomo uko wapi. Akasema kikombe kina ufa. Akaletewa kingine, nacho kikamwagia shati upande ule ule. Kisha akamwomba dada, kwa upole wa mtu aliyechoka, apunguze sauti.

Dada akasema anaongea kama siku zote. Shemeji akasema si kweli, leo anaongea kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na hata vijiko anavigonga makusudi. Hapo mambo yakaharibika. Aliondoka nyumbani na shati bichi, bila kuaga, na bila kujitazama kwenye kioo. Si mtu wa vioo yule. Kazi yake ilikuwa kutazama nyuso za wenzake.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mjane aliyekuwa anakaribia kustaafu. Shule ilitaka picha yake kubwa ya kutundika ukumbini. Ni mama mwenye heshima zake, na hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu. Wanafunzi walikuwa wakisema meno yake ni ya chakula tu.

Shemeji akamkalisha, akarudi nyuma ya kamera. Mazoea yake ni kuchungulia kwa jicho la kulia huku la kushoto amelifumba. Siku hiyo la kushoto halikufumba. Akadhani limeingia vumbi, akalisugua, akatoka kumnyoosha Mwalimu bega. Wakati wote huo alikuwa anapepesa macho kama binadamu yeyote. Yaani yeye alidhani anapepesa. Sisi tuliokuwa tunamtazama tuliona jicho la kulia linafumba na kufumbua, la kushoto limekodoka tu, halitikisiki. Kwa maneno mengine, alikuwa anamkonyeza mwalimu mkuu, kwa karibu, tena mfululizo.

Mwalimu akavuta sketi kufunika magoti, akatazama ukutani.

"Cheka kidogo, Mwalimu," shemeji akasema, na kama kawaida yake akamwonyesha kwa uso wake mwenyewe namna inavyofanywa. Nusu ya kulia ikacheka. Nusu ya kushoto ikabaki imelala, shavu limeshuka, mdomo umevutwa upande mmoja.

Mwalimu akasimama, akachukua mkoba wake. "Nimefundisha wanaume wa kila aina," akasema. "Wewe nitakusema kwa mkeo." Akatoka.

Shemeji akanigeukia akaniuliza amefanya kosa gani, na maneno yalimtoka kama ya mtu aliyewekewa pamba shavuni. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Baba yetu sisi aliondoka kwa kiharusi, nacho kilianza hivyo hivyo, kwa mdomo kwenda upande. Sikumwambia. Nilimwambia avae viatu vizuri, wakati alikuwa amevivaa, nikafunga mlango wa studio, nikampigia dada simu, nikaita teksi.

Dada alitukuta hospitalini akiwa bado na aproni ya jikoni. Alimtazama mumewe usoni mara moja, akamshika mkono, akakaa kimya. Shemeji alikuja kuniambia baadaye kwamba ukimya ule ulimtisha kuliko mdomo.

Daktari wa zamu alikuwa bwana mpole, miwani inamteleza puani. Akamwambia shemeji anyanyue mikono yote miwili, amminye vidole, atembee mpaka dirishani na kurudi, arudie sentensi aliyomtajia. Vyote akaviweza, ingawa sentensi ilivuja kidogo kwenye herufi za midomo. Kisha akaambiwa anyanyue nyusi kama mtu aliyeshangaa. Upande wa kulia wa paji la uso ukajikunja. Wa kushoto ukabaki laini kama umepigwa pasi.

Ajabu, daktari akafurahi. Akatueleza kwamba paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo mtu akipatwa na kiharusi, mara nyingi nyusi zake bado hunyanyuka hata kama mdomo umekwenda upande. Kwa mgonjwa huyu uso umelala kuanzia juu hadi chini, na mikono na miguu iko salama. Basi hitilafu haiko kwenye ubongo, iko njiani.

"Njia gani?" dada akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu afike.

"Mshipa wa fahamu wa uso," daktari akasema. "Misuli haijitumi yenyewe, mama. Ubongo unatoa amri, mshipa unaibeba, msuli unaitekeleza. Huu wake umevimba, na hapo nyuma ya sikio unapita kwenye tundu jembamba ndani ya mfupa. Ukivimba pale hauna pa kupanukia, unajibana wenyewe. Ubongo wake unaamrisha vizuri tu, na misuli yake ni mizima. Amri ndiyo haifiki."

Shemeji akafikiri. "Kwa hiyo uso wangu haujagoma."

"Haujagoma," daktari akasema. "Haujapata habari."

Kisha akamuuliza kama chakula kimepungua ladha, na kama tangu asubuhi anasikia sauti kubwa kuliko kawaida. Shemeji akamtazama dada kwa pembe ya jicho, akasema kwamba ndiyo, zipo sauti fulani zimekuwa kubwa. Daktari akasema si ajabu. Ndani ya sikio kuna kamsuli kadogo kuliko punje ya mchele, kazi yake kukishika kifupa cha humo ndani kisitikisike mno kelele zinapozidi. Nako hupokea amri kwa mshipa huo huo. Amri zikikatika, mtu husikia vijiko kama kengele.

"Daktari," dada akasema, "naomba urudie hilo. Na umtazame yeye unaporudia."

Daktari akarudia, neno kwa neno, akimtazama shemeji. Tukacheka wote watatu, na shemeji naye akacheka kwa ile nusu yake. Muda mfupi baadaye dada akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, analia ndani ya aproni. Nilimwacha amalize.

Tulirudi nyumbani na vidonge vya kupunguza uvimbe, dawa ya matone ya kulinda jicho lisikauke, na plasta ya kulifumba wakati wa kulala. Daktari alisema wengi hupona, ila si kwa haraka wanayoitaka wao.

Dada alipokwisha kuhakikishiwa kwamba mumewe hafi, alipata uhuru wake. Alimtania tangu asubuhi hadi jioni. Alimwambia amengoja miaka yote hiyo akonyezwe, na sasa anakonyezwa yeye pamoja na mtaa mzima. Na kweli, shemeji alikuwa hamsazi mtu. Mama wa nyanya pale kona akaanza kumwongezea nyanya. Askari wa barabarani alimsimamisha akamuuliza wanajuana wapi. Mama yetu alipokuja kumjulia hali, alielezwa kila kitu na akaelewa kila kitu, na bado kila shemeji alipopepesa macho yeye alitazama chini. Mwishowe alimvuta dada jikoni.

"Najua ni ugonjwa," akasema. "Lakini mwambie mumeo akae upande ule mwingine. Mimi ni mkwewe."

Ukitaka kujua, shemeji hakuona la kuchekesha. Alikataa kufungua studio. Alipelekwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, akapewa mazoezi ya kufanya mbele ya kioo: kunyanyua nyusi taratibu, kufumba jicho taratibu, kuvuta pembe ya mdomo taratibu, akilisaidia shavu kwa kidole. Taratibu, aliambiwa, na neno hilo likapitia sikio lile la kelele likatokea la pili.

Alikuwa akijifungia bafuni. Mimi na dada tukawa tunasimama nje kama watu wenye shughuli. Ndani tulimsikia akiuamrisha uso wake.

"Cheka. Cheka, nimesema."

Kimya.

"Cheka basi kidogo."

Aliulazimisha mpaka nusu ile nzima ikakaza msuli, akatoka ameshika shavu la kulia, lile ambalo halikuwa na tatizo. Dada akamuuliza nani kashinda.

Siku ya kurudi kliniki, mama wa mazoezi alimwambia amwonyeshe anavyofanya. Akaonyesha. Mama yule akamshika kidevu akamsimamisha. Akamwambia upande mzima unajua kazi yake, hauhitaji kufundishwa, na huu mwingine hauharakishwi kwa nguvu. Nyuzi za mshipa zinapoota upya zinatafuta njia ya kurudi kwenye misuli yake, na nyingine hupotea, za mdomo zikajikuta zimefika jichoni. Akisukuma sukuma atakuwa anafundisha makosa. Atulie, afanye kidogo kidogo, angoje. Na akamwambia jambo jingine ambalo niliona likimgusa shemeji: kwamba kicheko cha kuamriwa na kicheko cha kweli havianzii mahali pamoja kwenye ubongo. Vinakutana baadaye, kwenye mshipa. Ndiyo maana mtu akiambiwa acheke, mdomo unacheka na macho yanabaki yanafikiria mambo yake.

Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, "Shemeji, wale watu niliokuwa nawafokea pale kwenye kiti, unadhani na wao walikuwa wanajaribu hivi, na haiji?"

"Wao mishipa yao ilikuwa mizima," nikamwambia. "Kilichowabana ni wewe."

Alinitazama. Jicho la kulia likafumba na kufumbua. Nikachukulia kwamba amekubali.

Hatimaye dada alimtoa nyumbani, akisema atakimaliza kioo kwa kukitazama. Akaja naye studio mwenyewe, akakaa pembeni yangu na kazi zake za kushona vifungo, kusudi asitoroke. Shemeji alivaa miwani myeusi na kuongea kwa maneno machache. Alikuwa amegundua kwamba kwa kuwa jicho la kushoto halifumbi na la kulia linatii, inabidi achungulie kamera kwa la kushoto, na hilo lilimfanya asimame kombo kama mtu anayempiga picha mtu mwingine aliye pembeni.

Tukiwa hapo akaingia mwalimu mkuu.

Alikuwa amekuja kutimiza ahadi yake. Alimsalimia dada, akaomba kukaa kwa sababu ya magoti, na kiti kilichokuwa karibu ni kile cha mbele ya pazia. Shemeji alipomwona akakosa pa kujificha, akaenda nyuma ya kamera. Mwalimu akanyoosha mgongo, akaanza kueleza mashtaka yake kama anayesoma taarifa ya shule: kwamba alikuja hapa kwa heshima, kwamba mwenye studio alimkonyeza, si mara moja, na kwamba dada, kama mke, ana haki ya kujua.

Dada alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akaweka sindano chini. Akamweleza habari ya mshipa, na tundu la mfupa, na jicho lisilofumba. Akamwambia amekonyezwa mama wa nyanya, amekonyezwa askari wa barabarani, amekonyezwa daktari aliyemtibu.

"Hata mama yangu mzazi amekonyezwa, Mwalimu. Mkwewe kabisa."

Mwalimu akaushika mkoba, akaulegeza.

"Kwa hiyo mimi hakunikonyeza," akasema.

"Hapana, Mwalimu. Alikuwa anapepesa tu."

"Hata kidogo?"

Lile neno lilimtoka kabla hajalichuja. Tulilisikia sote, na yeye mwenyewe alilisikia. Akafungua mdomo alirekebishe, na badala ya kulirekebisha kikamtoka kicheko, kikubwa, cha kutoka tumboni, mabega yanaruka, machozi yanatoka, mkono mmoja umeshika goti na mwingine unajipepea. Dada naye akashikwa. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza nikijifanya natafuta kitu.

Nikasikia kamera.

Shemeji aliniambia baadaye kwamba hakupanga. Alikuwa amejificha kule nyuma, jicho la kushoto kwenye kioo cha kamera, na kidole kikabonyeza.

Tuliifungua picha ile kwenye kompyuta wote wanne. Alikuwa mama mzuri, sijui tulikuwa wapi siku zote. Macho yamejikunja pembeni, kichwa kimeenda nyuma kidogo, meno yote nje. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu. Akasema hiyo haiwezi kutundikwa ukumbini, watoto watamzoea. Akaomba apigwe nyingine ya kununa, tukampiga. Hiyo ndiyo iko shuleni. Ya kucheka aliichukua kubwa, ya fremu, na nimesikia iko sebuleni kwake.

Tangu siku ile sikumsikia shemeji akimwamrisha mtu acheke. Sasa humkalisha mteja, akamuuliza habari za safari, za ujenzi, za huyo mtoto aliyekataa kuoa, huku anazungusha zungusha vifaa kana kwamba hajawa tayari. Mteja akiwa katikati ya maneno, anabonyeza. Foleni inakwenda polepole, na mimi ndiye ninayelaumiwa pale mezani.

Uso wake ulirudi kwa wakati wake. Aliyeona kwanza ni dada. Ilikuwa mchana, tunachambua mboga nyumbani, na dada alikuwa anasimulia namna shemeji alivyokuja kwetu kuposa akaingia nyumba ya jirani, akakaa, akala, akajieleza vizuri kwa baba wa watu, na akashangaa kuona binti anayeletwa siye. Dada akakatiza hadithi.

"Usitikisike," akamwambia.

"Nimefanya nini?"

"Mdomo. Hapo pembeni umeruka." Akaweka dole gumba kwenye pembe ya kushoto ya mdomo wake. "Rudia."

"Nirudie nini? Sikufanya kitu."

Basi dada akairudia hadithi, tangu mwanzo, tangu kupiga hodi. Alipofika kwenye baba wa watu, nikaona kwa macho yangu: pembe ya mdomo ikaruka, kidogo sana, kama samaki anayegusa ndoana. Dada hakuondoa dole. Hakusema lolote la kuchekesha pia. Shemeji alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba siku ile aliingia kwa jirani kwa sababu ya mvua, na sisi tunajua hapakuwa na mvua.

Hadithi ile tuliisikia kila siku baada ya hapo, kama dawa. Mdomo ukafuata, kisha shavu, kisha jicho likaanza kukutana na kope lake. Sauti zikapungua kwenye sikio. Chai ikaacha kumwagika. Paji la uso lilikuwa la mwisho, na hata sasa upande wa kushoto hushangaa kwa kuchelewa kidogo.

Kimoja hakikurudi kama zamani. Akicheka, cheko la kweli, jicho la kushoto hujifinya lenyewe. Mama wa mazoezi alisema ndizo zile nyuzi chache zilizofika nyumba isiyo yao, zinaweza kuzoezwa zikatulia, ila huenda zisiishe kabisa. Shemeji aliuliza kama inadhuru. Haidhuru. Dada akasema basi iachwe.

Majuzi leseni yake ya udereva iliisha, akaenda kupigwa picha kwenye ofisi ya leseni. Alirudi amefura. Alisema kijana wa kamera hana adabu: amemwambia atazame mbele, afumbe mdomo, asicheke, na alipojitetea kwamba hacheki, ameambiwa jicho moja linacheka. Wamerudia picha hiyo mpaka watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kupiga kelele. Dada aliipokea leseni, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaitazama, akamtazama mwenye uso.

"Kijana alisema kweli," akasema, akamrudishia, akaenda kuwasha jiko.